Tumbili na Nguchiro wa Highrise: Nani Aliyemwita Mwenziwe?

Nimemsikia kwa masikio yangu mawili mtu mzima, mwenye ndevu zake nyeupe na tasbihi yake mkononi, akipendekeza tumbili watiliwe sumu. Wala si mtu mbaya. Ni mtu ambaye akikuona umesimama atakuondokea akupe kiti chake. Lakini siku hiyo alikuwa amechoka. Tulikuwa chini ya jumba moja la Nyayo Highrise, pale ukingoni mwa Kibera, baada ya sala ya Alasiri, na wakaazi wapatao kumi na tano wamekusanyika kuzungumza habari ya maji, ulinzi na taka. Ya maji hayakwisha, ya ulinzi hayakuanza, kwani kila aliyesimama alileta habari ya wanyama. Huyu tumbili ameingia jikoni kwa dirisha akachukua mkate wa watoto. Yule ana kuku watano katika tundu chini ya ngazi, nguchiro amekula mayai kisha akarudi kwa vifaranga. Wa tatu mwanawe amekwaruzwa mkono. Ndipo mzee wetu akasema: "Tuchange shilingi mia mia, tununue dawa, tuitie ndani ya ndizi, maneno yaishe."

Mimi nilikuwa mgeni tu, nimefikia kwa mpwa wangu ghorofa ya nne, na mgeni hana kauli katika baraza ya wenyeji. Lakini kalamu haina ugeni, na kwa kuwa mzee yule ni msomaji wa ukurasa huu, nina hakika maneno yangu yatamfikia bila ya kumvunjia heshima mbele ya majirani zake.

Kwa wasomaji wangu wa Lamu na Vanga ambao hawajafika huko, nitaeleza kidogo. Nyayo Highrise ni majumba ya ghorofa yaliyosimama karibu na Barabara ya Mbagathi, na jina lake lenyewe linakwambia ni zama za nani, kwani wakati wa Rais Moi kila kitu kilichosimama kiliitwa Nyayo. Ukichungulia roshani ya upande mmoja waona mabati ya Kibera yamelala kama magamba ya samaki. Ukichungulia upande wa pili kuna Bwawa la Nairobi, lililochimbwa mwaka 1953, ambalo wazee wa mji husimulia kuwa watu walikuwa wakienda mashua kwa tanga juu yake. Leo huwezi kuendesha hata mtumbwi. Gugumaji limelifunika bwawa, na maji ya mto Motoine yanayoingia humo yamepita kwanza nyuma ya vyoo na majaa. Basi katikati ya mabati, magorofa na gugumaji, ndipo wanapoishi hawa tunaowasema.

Tumbili msomaji unamjua, hana haja ya kutambulishwa. Nguchiro naye watu wa Pwani tunamjua kwa sifa moja tu, wizi wa kuku, na kwa hivyo hatujapata kumtazama vizuri. Niliyemuona mimi, asubuhi na mapema kutoka dirisha la mpwa wangu, alikuwa mmoja peke yake, mwembamba kama utambi, rangi ya udongo, na ncha ya mkia nyeusi ambayo huiinua juu anapokimbia. Huyo ni nguchiro wa kutembea pekee. Yuko ndugu yake mwenye milia mgongoni, ambaye hatembei ila kwa jamaa, ishirini au zaidi, wakichimba chimba ardhi kwa pua na makucha wakitafuta wadudu, huku wanaitana kwa sauti ndogo ili asipotee mtu. Majike wa kundi huzaa wakati mmoja, mara nyingi usiku mmoja, na watoto wakalelewa na wote. Akipata yai humgeukia jiwe mgongo, akalirusha nyuma kati ya miguu yake lipasuke. Huko Mweya, katika Mbuga ya Queen Elizabeth nchini Uganda, wataalamu wamekaa nao tangu miaka ya 1990 wakiandika mambo yao siku kwa siku, na wamewaona wakimpanda ngiri aliyelala na kumtoa kupe, naye ngiri ametulia kama bwana harusi anayenyolewa.

Mbali huko Marekani, kuanzia Arizona mpaka Argentina, kuna mnyama aitwaye koati ambaye kwa tabia ungedhani amezaliwa na nguchiro wetu, ingawa kwa nasaba hawakaribiani. Pua ndefu ya kuchimbia, mkia wenye pete ulioinuliwa juu kama bendera, majike na watoto pamoja katika kundi, na madume wakubwa hutengwa mpaka msimu wao ufike. Nimemleta koati hapa kwa sababu moja. Mpakani mwa Brazil na Argentina kuna maporomoko makubwa ya maji, Iguazu, ambayo watu kutoka pande zote za dunia huenda kuyatazama. Wageni hao walipoanza kuwarushia koati mikate na biskuti, ilikuwa ni mzaha na picha za ukumbusho. Leo koati wa Iguazu hawasubiri kurushiwa. Hupanda mezani, hufungua mikoba, na anayeshindana nao huondoka na jeraha. Serikali za huko zimelazimika kuweka mabango yenye picha ya mkono ulioumwa, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Koati ni yule yule aliyekuwa msituni akila wadudu na matunda. Kilichobadilika ni biskuti.

Hadithi hiyo ya Iguazu ndiyo hadithi ya Highrise, na wala si lazima twende Amerika kuitafuta. Nenda City Park, pale Parklands, siku ya Jumapili. Kima wa pale wamelishwa njugu na ndizi na watu wa mapumziko kwa miaka na miaka, na ukipita na mfuko wa karatasi hawakuulizi umebeba nini. Mpwa wangu aliponisikia nasema haya aliniambia: "Ami, lakini sisi huku hatuwalishi." Nikamwomba anifuate roshanini. Chini yetu watoto watatu, wazuri, wamevaa kanzu za chuoni, walikuwa wamenyoosha mikono yao yenye vipande vya mahamri, na juu ya ukuta tumbili jike, mtoto wake amemng'ang'ania kifuani, anapokea kimoja kimoja kama mtu anayepokea mshahara wake. Watoto wanacheka. Mama mmoja dirishani anacheka nao. Jioni hiyo hiyo tumbili yule yule akipita dirisha la mama yule kuchukua mkate ataitwa mwizi.

Nikaandika ubeti huu juu ya karatasi ya hesabu za maji, na nauacha hapa kwa malenga wenzangu waupokee au waupinge:

Tumbili hakuja mwizi, hakuvunja mlangowo,
Ni wewe na zako ndizi, mwito ni wa mkonowo,
Leo wamwita jambazi, wamwinulia mchiwo,
Sema, u wake mlezi, au hasimu moyowo?

Kuna na jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko mahamri ya watoto: jaa. Nyuma ya majumba kuna pahala ambapo taka humwagwa zikisubiri gari, na gari likikawia, na hukawia, mifuko hupasuka. Maganda ya embe, wali uliolala, matumbo ya samaki, mifupa. Panya huja kwanza. Panya akija, nguchiro anamfuata panya, kwani panya ni chakula chake kabla ya kuwa kuku. Marabu, yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni ambaye amejaa juu ya miti ya mzunguko wa Uwanja wa Nyayo, naye hutua hapo kama hakimu. Kisha tumbili. Sisi tunasimama juu, tunaziba pua, tunauliza hawa wanyama wametoka wapi.

Sisi watu wa Pwani ndio hasa tusingestahili kuuliza swali hilo, maana jibu lake linalia juu ya mapaa yetu kila alfajiri. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu hakuwa wetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, enzi ya Waingereza, kwa madhumuni ya kula taka za mji. Wazo lilionekana la busara: badala ya kuzoa taka, tuagize ndege wazile. Taka hazikwisha, kunguru akazaliana, akavuka bahari, na kufika miaka ya 1940 alikuwa ameshatia nanga Mombasa. Amekula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili mpaka mitaa mingine hukusikii tena sauti ila yake. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza azma ya kuwaangamiza kunguru milioni moja, kwa sumu maalumu iliyopata idhini. Milioni moja! Karne nzima na zaidi baada ya mtu mmoja kuona ni rahisi kuleta ndege kuliko kununua mapipa.

Na nguchiro mwenyewe amewahi kutumwa kazi kama hiyo. Mwaka 1872 mwenye shamba mmoja wa miwa huko Jamaika aliagiza nguchiro kutoka India wamalize panya, na mwaka 1883 wakulima wa Hawaii wakaiga. Panya hawakwisha. Ndege wanaotaga chini ndio walioona cha mtema kuni. Kila mara ni mwanadamu yule yule, mwenye uvivu wa kufunika chungu chake, anamtafuta mnyama wa kumfanyia kazi, kisha anamtafutia mnyama huyo sumu.

Sasa hebu tuingie katika hiyo sumu, kwa sababu mzee wetu aliitaja kama mtu anayetaja chumvi. Sumu haina macho. Ndizi iliyotiwa dawa haiandikwi jina la tumbili. Kwanza ataiokota paka wa mama wa ghorofa ya kwanza, au kuku wale wale watano tunaowalinda. Mzoga wa panya aliyekula sumu ataliwa na nguchiro, na mzoga wa nguchiro ataliwa na mwewe na mbwa. Nchi hii imeshaona mambo hayo. Furadan, dawa ya wadudu ya mashambani, ilitumiwa na wafugaji kuwatilia simba katika mizoga ya ng'ombe, na wakafa simba, wakafa fisi, wakafa tai kwa makundi, hadi mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ikaiondoa katika maduka ya Kenya. Hayo yalikuwa nyikani, ambako mtoto wa miaka mitatu hapiti akiokota ndizi. Highrise mtoto huyo yupo. Nimemuona, alikuwa anaokota vifuniko vya soda mbele ya mkutano ule ule, na hakuna aliyemuangalia.

Tena ni kosa mbele ya serikali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kujiamulia kuua mnyama wa pori kwa kuwa amemuudhi. Makao makuu ya KWS yako Barabara ya Lang'ata, hatua chache tu ukipanda matatu kutoka Highrise. Kwa nini wakaazi waende duka la dawa za mashamba kabla ya kwenda pale, sijui.

Lakini najua swali atakaloniuliza mzee wangu, kwa sababu amesoma na mimi nimesoma. Ataniambia: wewe mwandishi, umesahau wale watano ambao hadithi sahihi zimeruhusu wauawe hata ndani ya Haram? Kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Sikusahau, nililipia somo hilo kwa bakora ya maalim wangu, Mungu amrehemu. Nami namjibu kwa adabu. Tumbili hamo katika watano wale. Nguchiro hamo. Tena nguchiro ndiye anayemla panya aliyemo, na nyoka juu yake. Kuruhusiwa kumwondoa anayedhuru si kuruhusiwa kumwaga sumu juu ya kila kinachotembea. Na maalim yule yule, bakora ile ile, alitufundisha habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumpa chakula wala hakumwacha ajitafutie, na habari ya mwengine aliyesamehewa kwa kumteka mbwa maji kisimani kwa kiatu chake. Sura ya An'am imewataja wanyama watambaao na ndege warukao kuwa ni umati kama sisi. Hayo tunayajua sote. Tunayasoma kwa sauti nzuri, na tukishuka ngazi tunachanga shilingi mia mia.

Wako watakaosema, basi wanyama warudishwe kwao. Kwao ni wapi? Hapa nawaomba wasomaji wanivumilie kidogo, kwa maana jambo hili limo ndani ya jina. Kibera asili yake ni Kibra, na Kibra kwa lugha ya Wanubi maana yake ni msitu. Waliolipa pahala hapo jina hilo ni Waislamu wenzetu, askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan na jamaa zao, ambao Waingereza waliwaweka hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Wazee wa Makina ukikaa nao barazani watakueleza habari walizopokea kwa baba zao, za miti na vichaka ambapo leo hupiti ila kwa ubavu. Ekari hizo zilimegwa, zikamegwa tena, na mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Kwa hivyo hata waliolibatiza pahala Msitu, wenyewe wamebanwa mpaka wamebakiwa na kipande. Itakuwaje tumbili ambaye hana hati?

Na msitu uliobaki nao umepigwa shoka. Msitu wa Barabara ya Ngong, ulioko magharibi ya Kibera, ulipotangazwa rasmi mwaka 1932 ulikuwa karibu hekta 2,900. Uliobaki leo haufiki nusu ya hizo. Shule, viwanja, majumba, na hivi karibuni barabara kuu ya Southern Bypass iliyopita ukingoni mwake. Upande wa kusini kuna Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, kilomita za mraba 117, yenye ua upande wa mji na wazi upande wa Kitengela ambako nako majumba yamefika. Katika hali hiyo, wakazi wa Lang'ata walishangaa sana mwezi wa Februari 2016 simba walipotoka mbugani na kuzurura karibu na nyumba zao, watu wakaambiwa wasitoke. Mwezi uliofuata simba akamjeruhi mtu kandokando ya Barabara ya Mombasa, na mwishoni mwa Machi simba dume mashuhuri aliyeitwa Mohawk, aliyetoka vivyo hivyo, akapigwa risasi Isinya. Sisemi simba aachwe aingie sokoni. Nasema tu kwamba simba akitoka dunia nzima huandika, na tumbili na nguchiro, ambao wametoka kwa sababu ile ile, hawana hata wa kuwauliza.

Ukimkamata tumbili wa Highrise ukamtupa msitu wa Ngong, huko wako tumbili wenye mitaa yao, watampiga au atarudi. Na nafasi aliyoiacha, maadamu jaa liko pale pale, ataingia mwengine kabla ya mwezi kwisha. Jaa ni mwito, wala hauchagui nani aitike.

Tena jaa lenyewe humdhuru mnyama kwa namna ambayo watu wengi hawaijui. Huko Chobe, kaskazini ya Botswana, nguchiro wenye milia wanaoishi karibu na hoteli na makazi ya watu wamekuwa wakifa kwa kifua kikuu cha aina yao, ambacho kijidudu chake kilitambuliwa na kupewa jina mwaka 2010. Nguchiro huwekeana alama za harufu, na kijidudu hicho huingia kwa pua na kwa vidonda vya ngozi anaponusa. Wataalamu waliona kwamba makundi yanayokula kwenye majaa hugombana zaidi, kwa kuwa chakula kingi kimerundikwa pahala pamoja, na wanaogombana hupata vidonda, na wenye vidonda huugua. Sijasema kuwa maradhi hayo yako Highrise. Nasema mtu anayedhani anamfanyia mnyama hisani kwa kumwagia mabaki ya wali, hajui anachomwagia.

Na mtoto je, yule aliyekwaruzwa? Huyo ndiye aliyekuwa na haki ya kuzungumzwa kwanza katika mkutano, na alizungumzwa mwisho. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote, wa pori au wa nyumbani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa saa; hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo, daktari ndiye aamue kama apigwe sindano za kichaa cha mbwa. Kahawa, mafuta ya taa na majivu visipakwe. Nilipomuuliza baba wa mtoto akaniambia walimpaka vitunguu saumu, na alhamdulillahi jeraha limekauka. Nikamwambia aende hospitali hata hivyo, na nikamsindikiza mpaka kituo cha matatu ili asinitoroke.

Kuna watu wa Pwani waliofanya vizuri katika mambo haya, na inafaa wasifiwe, maana sisi waandishi hodari wetu ni kulaumu. Diani, Kwale, tangu mwaka 1997 kuna chama cha kuwahifadhi mbega na jamaa zake. Mbega walikuwa wakigongwa na magari wakivuka barabara ya hoteli. Watu hao wakatundika ngazi za kamba juu ya barabara, kutoka mti hadi mti, na wanyama wakajifunza kupita juu kwa juu huku magari yanapita chini. Kadhalika wakawa wanawaendea wenye hoteli na wageni wao, na kuwaambia neno lile lile: msiwalishe. Si kazi kubwa ya kuandikwa vitabuni. Ni kamba, mbao na maneno yaliyorudiwa mara nyingi kwa upole.

Highrise haihitaji hata kamba. Inahitaji mapipa yenye vifuniko vizito, vyenye komeo, kwa maana tumbili anafungua kila kisicho na komeo. Inahitaji taka za chakula zisitoke nje jioni zikalala, bali zitoke asubuhi ya gari. Kuku walale katika tundu lenye wavu mdogo na sakafu ya mbao, kwani nguchiro hupita penye tundu ambalo wewe huwezi kupitisha ngumi. Madirisha ya jiko yawekwe wavu. Na wale watoto watatu wa kanzu waambiwe na mtu wanayemheshimu, si kwa fimbo, kuwa hamri ni lao na tumbili ana chake. Huyo mtu wanayemheshimu ni mzee wetu mwenye tasbihi. Watoto wote wa jumba lile humwamkia shikamoo kabla hajafika.

Nilimuuliza mpwa wangu mapipa yenye komeo ni bei gani. Alinitajia bei, nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ile ile ya ubeti. Kwa nyumba za jumba lao, kila mlango utatoa zaidi kidogo ya shilingi mia walizotaka kuchanga kwa sumu. Kinachobaki ni nani atakayekwenda kuyanunua, na nani atakayepiga simu ya gari la taka likikawia. Mkutano wao wa pili ni Jumamosi, baada ya Alasiri, na safari hii nimemwomba mpwa wangu akae mbele.